Nusu kwa nusu, lakini nusu ya nini?

Mjomba wangu wa Tandahimba haachi gunia la korosho ghalani bila karatasi. Tangu stakabadhi ghalani, yaani kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe mnadani, ianze msimu wa 2007/2008, ukimuuliza bei ya mnada naye anakuuliza: "Kabla ya makato au mkononi?" Mimi mpwa wake, msomi wa ukoo, nimeandika kitabu kizima na mwenzangu bila kuuliza swali hilo.

Mwenzangu ni mwalimu, kanizidi umri, namwita kaka. Alizunguka vijiji vya Newala akikusanya hadithi za Kimakonde, mimi nikaziandika kwa Kiswahili hapa Mtwara mjini. Tulikubaliana barazani Mikindani, sahani ya pweza ikiwa katikati yetu. "Nusu kwa nusu, kaka." "Haina shida, mdogo wangu." Basi.

Wakati wa kuchapa, mwenye hela nilikuwa mimi. Nakala 500 kwa shilingi 4,000 kila moja, milioni mbili zikaondoka. Tukauza 260 kwa 8,000, zikaingia 2,080,000. Kaka akaja kuchukua 1,040,000 yake. Kwa hesabu zangu, cha kugawana kilikuwa 80,000. Alilitazama daftari langu kwa muda, kisha akauliza taratibu, "Na nauli zangu za Newala umeziandika ukurasa gani?"

Sikuwa nimeziandika popote.

Hapo hakuna mwizi. Kila mmoja alikuwa na nusu yake kichwani. Ndiyo maana naona mkataba wa waandishi wawili uanze na maana ya nusu, asilimia zije baadaye: ni nusu ya mauzo au ya faida? Gharama ni risiti ya mchapaji tu, au hata miezi ya kukaa na wazee inahesabiwa? Baada ya hapo ndiyo mzungumzie mmoja akijitoa katikati, au nani atasaini na mchapishaji.

Wapo wanaosema kuandikishana na ndugu ni kutoaminiana. Sikubali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya pamoja hadi miaka 50 baada ya kufa mwandishi wa mwisho. Watakaogombana ni wajukuu zetu, na wao hawakuwepo pale barazani. Ingekuwa kila mtu ana sura zake, angebaki na zake. Zetu zimechanganyika kama tui kwenye wali.

(Bibi waliotusimulia tuliwapa khanga na sukari. Hilo linanikera hadi leo.)

Sasa tunachapa tena, na safari hii karatasi ipo: kurasa mbili, mashahidi wawili, nauli zimo. Kilichotuchelewesha ni jina la nani litangulie jaladani. Mwishowe tukarusha sarafu ya mia mbili. Kaka alichagua simba, ikaangukia Karume.