Dakika arobaini za Mheshimiwa

Tulimzika rafiki yangu kwenye makaburi ya Lang'ata, Nairobi, Alhamisi, na hasira zangu bado hazijatulia. Sina ugomvi na kifo. Aliugua tangu Krismasi na yeye mwenyewe alikuwa ameshafunga mizigo. Ugomvi wangu ni na kipaza sauti.

Pasta alisoma Mathayo 25, ile ya wagonjwa na wafungwa, akafunga Biblia, akamkaribisha Mheshimiwa. Tukasimama juani katikati ya makaburi yaliyobanana (palitangazwa kujaa mwaka 1996, na bado tunazikana hapo hapo) tukila dakika arobaini za barabara, maji na nani atamwangusha nani kwenye uchaguzi wa 2027. Jina la marehemu alilisoma kwenye programu. Akalikosea.

Wasifu nao ulitaja kamati zote za kanisa alizokaa, kisha ukamalizia: "Alipenda kutembelea wagonjwa." Alipenda! Kama mtu anayependa chapati.

Jamani, huyu alikuwa fundi wa viatu. Kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja, alifunga kibanda saa tano, akapanda matatu hadi hospitalini na kikata kucha, wembe mpya na kipande cha sabuni mfukoni. Anawauliza wauguzi: nani hajatembelewa wiki hii? Anamwendea huyo. Wengi ni watu waliookotwa barabarani, hata jina hawana.

Siku moja nilifuatana naye. Nilikuwa nimejiandalia mistari ya kuombea watu. Akanipa beseni. Kulikuwa na mzee aliyegongwa na pikipiki, kucha za miguu zimejikunja hadi zimeingia nyamani. Rafiki yangu akailoweka ile miguu kwenye maji vuguvugu, akapiga magoti, akawa anakata moja moja, polepole, huku akimuuliza kwao wanalima nini. Mzee kimya. Kwenye kidole cha tatu akasema mahindi. Mguu wa pili akataja kijiji, na kabla maji hayajapoa, jina la binti yake. Muuguzi akaandika. Mimi nimeshika beseni, nimebana pumzi, maana harufu ile, ndugu zangu, haikuwa ubani.

Tukitoka nilimuuliza mbona hakuhubiri. Akacheka. "Ndugu yangu, mgonjwa hawezi kukimbia. Ukimhubiria pale unamwonea."

Haya, nakubali: Mheshimiwa ndiye aliyelipia basi na tenti, na deni la mochari lingeishinda familia. Asante. Lakini mwenye basi haongozi ibada. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit aliwafungia wanasiasa mimbari za Anglikana, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa pesa ambazo Rais alitoa kwa kanisa la mtaa wa Soweto, hapo hapo Nairobi. Vizuri sana. Tatizo ni kwamba makaburini madhabahu huwa ni pale tu Mheshimiwa anaposimama, na sisi wenyewe ndio tunaompigia makofi. Mimi pia nilipiga, mara mbili. Mkono ulijiendea.

Nyuma kabisa walisimama wauguzi wawili, bado na sare, wametoka zamu ya usiku. Hakuna aliyewaita waseme neno. Msafara ulipoanza kupiga honi kutoka, mmoja alinivuta kando akaniuliza kama najua kukata kucha.