Wavu wa Nyama Si Geti

Jumapili kaka yangu alituita kwake Kigamboni tuzindue jiko la kuchomea nyama. Pipa limepasuliwa kwa urefu, miguu ya bomba, wavu wa nondo za milimita 8. Uchomeleaji safi, sina neno. Ila jiko zima, ndani na nje, mpaka nondo zinapolala nyama, limepigwa rangi ya silva. Linang'aa kama geti la nyumba mpya.

Moto ulipokolea, rangi ikavimba, ikaanza kubanduka magamba. Mishikaki ikageuzwa ikiwa imevalishwa vipande vya silva, utadhani ina harusi. Fundi akapigiwa simu. "Hiyo itaungua yenyewe, bosi. Nimepiga isishike kutu."

Itaungua yenyewe! Tumboni kwa nani?

Najua mafundi wetu wanashinda wakichomelea mageti na madirisha, kwa hiyo chuma chochote kikimalizwa kinapigwa rangi, biashara imeisha. Tena tunawaponza wenyewe wateja, maana jiko lisilong'aa hatulilipii. Lakini rangi ya geti haihimili mkaa. Ikishabanduka, chuma kiko uchi, na kwa upepo ule wa chumvi hata kutu yenyewe hujaizuia.

Wavu unalindwa kwa mafuta, basi. Usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kitoke, uoshe, uukaushe juu ya moto. Chukua kitambaa chenye mafuta ya alizeti, paka, halafu futa kama vile umekosea kupaka. Rudisha kwenye moto mkali mpaka moshi ukome. Rudia mara tatu, nne. Yale mafuta hayakauki kama maji. Yanageuka ngozi ngumu nyeusi iliyong'ang'ania chuma, na maji hayapati pa kuingilia. Chuma cha chapati cha mama yangu kinanizidi umri, hakijawahi kuonja rangi, na kutu hakiijui. Siri yake ni hiyo hiyo, ingawa mama hajawahi kuiita siri. Anaita kupika.

Na msizidishe. Shemeji, nampenda, aliwahi kuumwagia wavu wa zamani mafuta ya nazi kama anampaka mtoto. Ukawa gundi, sisimizi wakahamia.

Wapo pia wajanja wa kuweka wavu wenye zinki eti haushiki kutu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa yakipulizwa yanapita hapo. Waulizeni mafundi wanaochomelea bomba za zinki kwa nini jioni wanatetemeka kwa homa na kutafuta maziwa.

Haya, nje ya pipa na miguuni pigeni rangi, ile inayovumilia joto. Stenlesi nayo ni bora, nakubali, ila ukitajiwa bei utarudi mwenyewe kwenye nondo.

Majivu mwageni siku hiyo hiyo yakishapoa. Yanavuta unyevu, yamechanganyika na chumvi na ndimu zilizodondoka kwenye nyama, ndiyo maana mapipa hutoboka chini kwanza.

Kaka alimrudishia fundi wavu aupare wote. Jana jioni fundi kapiga simu kwa furaha: kazi tayari, bosi, na safari hii kapiga nyeusi.