Kufanya Kazi China: Wepesi wa Simu, Uzito wa Pasipoti

Pasipoti yangu ilipojaa mihuri nilichukua mpya, na namba ikabadilika. Siku ya tatu jioni nilikuwa sokoni karibu na ninapokaa, Guangzhou, fungu la mchicha mkononi. Nikaskani msimbo wa muuzaji kama kawaida, malipo yakakataa. Nikarudia, yakakataa tena. Benki ilikuwa bado inanijua kwa namba ya zamani, na pasipoti ya zamani ilikwisha kukatwa kona, ishara ya kufutwa. Noti sikuwa nayo hata moja, maana huku unaweza kumaliza mwaka bila kuishika. Yule mama muuza mboga, ambaye wateja wote tunamwita ayi, neno ambalo asili yake ni mama mdogo, akanifungia mchicha wangu akasema nilete kesho.

Juma zima nilizunguka: ofisi ya vibali, kituo cha polisi, kampuni ya simu, benki. Laini ya simu imesajiliwa kwa pasipoti, benki imefungwa kwenye laini, programu ya malipo imefungwa kwenye benki, na tiketi ya treni hulipiwa kwa programu hiyo hiyo. Ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inafumuka.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wa nyumbani huniuliza swali moja kwa namna mbili. Wapo waliotazama video za maghorofa yenye taa na treni za kasi, wanataka kujua lini nitawaita. Wapo wanaokumbuka Waafrika walivyotolewa majumbani hapa Guangzhou Aprili 2020, wakati wa korona, wanauliza bado nangoja nini. Wote wana hoja. Nimesoma shahada ya uzamili Wuhan, kisha nikaajiriwa na kampuni ya kusafirisha mizigo, na ninavyoona mimi raha ya China na mashaka yake vinachotwa kisima kimoja. Maisha yako yote yamefungwa kwenye usajili wako. Usajili ukikaa sawa, unaishi kwa wepesi ambao sijauona kwingine. Ukitetereka, unatetereka wewe mzima.

Wepesi huo ni wa kweli, na anayeubeza hajauishi. Kati ya Beijing na Shanghai kuna kilomita 1,318, na treni ya kasi huzimaliza kwa saa nne na nusu hivi. Wenzangu wa kike ofisini hutoka kazini saa tano usiku wakatembea peke yao hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi, simu mkononi, bila kugeuka nyuma. Sisi tuliokulia kwenye M-Pesa hatushangai kulipa kwa simu. Kinachotushangaza ni kununua mboga za yuan 4 bila kukatwa hata senti ya muamala.

Na kazi ipo, hasa kwa anayejua pande mbili. Mimi ajira yangu nimepewa na Kiswahili. Asubuhi napokea ujumbe wa sauti kutoka Kariakoo, mchana Eastleigh, jioni Lubumbashi, wote wakiulizia mzigo wao: wa meli kwa CBM, yaani mita za ujazo, wa ndege kwa kilo. Mchina aliyeniajiri angeweza kupata watu wengi wa kujaza fomu za forodha. Asingepata kirahisi mtu wa kumtuliza mama mwenye duka la vitenge ambaye kontena lake limechelewa majuma matatu na Idi inakaribia.

Sasa upande wa pili. Kibali cha kazi kina jina la mwajiri. Tangu 2017 wafanyakazi wa kigeni wamepangwa katika madaraja matatu, A, B na C, na wengi wetu tumo B: shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili, au shahada ya uzamili ya chuo cha China kama nilivyopita mimi. Kibali cha ukaazi kinafuata kibali cha kazi. Ukigombana na bosi, hugombani juu ya mshahara peke yake. Unagombana ukijua kwamba mkataba ukivunjika, siku zako za kukaa nchini zinaanza kuhesabiwa. Nimeona watu wazima, wenye elimu nzuri, wakikubali kuchelewa kulipwa miezi miwili kwa sababu hiyo.

Linaloniuma zaidi ni la ualimu wa Kiingereza. Kwa kawaida kibali cha kufundisha lugha hiyo hupewa raia wa nchi zinazohesabiwa kuwa Kiingereza ndicho lugha yao ya kwanza. Mkenya au Mganda aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hahesabiwi. Lakini vijana wetu wanaosoma huku wanahitaji hela, na shule za chekechea zinahitaji walimu, kwa hiyo wanakutana gizani. Sheria inasema anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri naye ana adhabu yake kwenye vitabu. Tofauti ni kwamba yeye yuko kwao. Kijana akidhulumiwa mshahara hana pa kushtaki, kwani kushtaki ni kujitaja.

Nyumba nayo ina mambo yake. Desturi ni kulipa dhamana ya mwezi mmoja na kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, kisha ndani ya saa 24 ukajiandikishe polisi kwa anuani hiyo. Hayo yanazoeleka. Lisilozoeleka ni kukaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwa dalali, ukamsikia akiongea na mwenye nyumba, likapita neno Feizhou, yaani Afrika, kisha simu ikakatwa upande wa pili. Dalali yule alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na tatu. Aliona haya kuniangalia usoni, akaniletea kikombe cha maji ya moto.

Wanaoitetea China husema wenyeji hawajazoea wageni, na takwimu ziko upande wao. Sensa ya 2020 ilihesabu wageni 845,697 China bara, katika nchi ya watu bilioni 1.4. Hao ni kama sita katika kila watu elfu kumi. Karani wa benki wa mtaani kwangu huenda hajawahi kuona pasipoti ya Tanzania kabla ya yangu. Kwa benki nakubali maelezo hayo. Kwa Aprili 2020 siyakubali. Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi na kwenye hoteli, wakalala nje, wengine wakiwa wamepimwa korona na kukutwa wazima. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya pamoja kwa waziri wa mambo ya nje kulalamika. Serikali ilijibu kwamba haibagui mtu, na mkoa ukatangaza hatua za kurekebisha mambo. Lakini mtu aliyelala kibarazani na sanduku lake alishajua jinsi usajili unavyoweza kumgeukia kwa usiku mmoja.

Hata hivyo tukisema haya tujitazame na sisi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu na saluni. Sababu zilikuwepo, wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelia muda mrefu. Lakini Mchina aliyefunga kibanda chake siku ile alikuwa na watoto wa kusomesha kama nilivyo na wadogo zangu. Kila nchi hulinda riziki ya wenyeji kwanza. Ninachodai kwa China ndicho ninachodai kwetu: mgeni aambiwe mapema, apewe muda, na asidhalilishwe.

Ipo pia China nyingine ambayo video haziionyeshi, wala malalamiko hayaitaji. Nikimwambia dereva wa teksi mwenye mvi kwamba natoka Tanzania, mara nyingi hutamka palepale "Tan-Zan tielu", reli yetu ya TAZARA. Mmoja aliniambia jirani yao wa utotoni alikwenda kuijenga. Ile reli ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliacha makaburi ya wataalamu wa Kichina Gongo la Mboto, na mzee yule alitaka kujua kama yanatunzwa. Nilimwambia yanatunzwa. Akaendesha kimya hadi tulipofika, akakataa nauli yangu.

Ya familia yana uzito wake wa peke yake. Aliyeoa au kuolewa na Mchina hupata kibali cha kuishi na mwenzake, lakini kibali hicho hakimruhusu kufanya kazi, lazima atafute cha kazi kivyake. Uraia wa nchi mbili China haiutambui, na Tanzania haiuruhusu kwa mtu mzima. Mtoto wa ndoa hiyo siku moja ataambiwa achague kati ya baba na mama.

Halafu kuna umbali. Saa tano zinatutenganisha na Afrika Mashariki, na WhatsApp imefungwa huku tangu 2017. Mama yangu ilibidi ajifunze WeChat, programu ya ujumbe ya Kichina, ukubwani, na kumfungulia ilitakiwa mtu mwenye akaunti amthibitishe. Baba yangu mdogo alipofariki sikuweza kuondoka, maana kibali changu kilikuwa ofisini kikihuishwa na pasipoti iko humo humo. Nilisikiliza mazishi kwenye simu aliyoishika binamu yangu. Nilisikia majembe na udongo, na upepo ukipiga kwenye maiki.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiandikia mwezi uliopita, "Anko, nimepata kazi Yiwu, nakuja", sikumwambia aje wala asije. Nilimwambia anitumie mkataba kabla hajakata tiketi. Ulikuja Jumanne. Mshahara mzuri, chumba wanatoa wao. Ukurasa wa mwisho ulisema aingie kwa viza ya M, ambayo ni ya biashara, ya mtu anayekuja kununua mzigo akaondoka. Anayekuja kuajiriwa huingia kwa Z, kisha ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi.

Nikampigia. Akasema wamemwahidi kwamba akishafika watambadilishia. Nimemwambia, "Mwanangu, wakutumie barua ya Z kwanza. Kama kazi ni yako kweli, itakungoja." Mpaka leo hawajamjibu.