Malalamiko ya Raheli na Lea kuhusu Mahari

Mahari ya Israeli ya kale inapozungumzwa, mfano unaotangulia ni ule wa Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli na, baada ya kupewa Lea kwa hila, akatumika miaka 7 mingine. Kwa maoni yangu, mfano huo tumeuishia njiani, kwa sababu katika Mwanzo 31 mabinti hao wanasema kwa vinywa vyao wenyewe, na maneno yao ni mazito: baba yao amewauza, amekula fedha yao, tena amewahesabu kama wageni.

Lalamiko hilo haliipingi mahari. Kinachowauma Raheli na Lea ni baba aliyeila yote, jambo linaloonyesha kwamba walitarajia sehemu ya jasho la mume wao iwarudie wao na watoto wao. Labani aliwapa wajakazi wawili, Zilpa na Bilha, ambao hatusikii popote kwamba waliulizwa neno, na hakuongeza kitu.

Kalebu, kiongozi wa kabila la Yuda, alitenda tofauti. Alikuwa ameahidi kumwoza binti yake Aksa kwa yeyote atakayeuteka mji wa Kiriath-seferi, na Othnieli alipouteka hakudaiwa fedha. Vita vilikuwa ndiyo mahari yake. Hata hivyo Aksa hakuondoka mikono mitupu. Alishuka juu ya punda wake akamwambia baba yake kwamba, kwa kuwa amempa nchi kavu ya Negebu, ampe na maji pia, naye akapewa chemchemi za juu na za chini.

Sheria ya Musa yenyewe haikuwa na ukarimu huo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaagiza kwamba mwanamume aliyemshawishi bikira ambaye hajaposwa akalala naye atoe mahari na kumwoa, na baba akikataa kumtoa binti, fedha ilipwe vilevile. Agizo hili linamlinda baba kuliko binti, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Ndiyo maana nazithamini sana hati za mafunjo za Elephantine, kisiwa cha mto Nile kusini mwa Misri, ambako askari Wayahudi waliishi na familia zao chini ya utawala wa Uajemi katika karne ya 5 KK. Mkataba wa ndoa wa Mibtahia na Eshori unataja mahari ya shekeli 5 aliyopewa Mahseya, baba wa bibi harusi Mibtahia, kisha unaorodhesha mavazi, kioo cha shaba na vyombo alivyokuja navyo binti huyo, kila kimoja na thamani yake. Kwangu mimi, hati iliyoandikwa kwa uangalifu kiasi hicho haiwezi kuitwa hati ya mauzo. Mume au mke aliweza kusimama mbele ya kusanyiko na kutangaza kwamba amemchukia mwenzake, yaani anamwacha. Na hata mke akiwa ndiye aliyetangaza, baada ya kulipa fidia ya fedha aliondoka na kila alichokuja nacho, akaenda alikotaka.