Miaka miwili ya masomo ya jumla si kupoteza muda

Kwenye vikao vya michango na misiba ya Waswahili wa Texas, kijana anayesoma chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili, community college) huulizwa swali lilelile na kila mtu mzima: unasomea nini? Akisema unesi, anapewa hongera. Akisema anachukua Associate of Arts, digrii ya miaka miwili ya masomo ya jumla, ili baadaye ahamie chuo kikuu, watu wanaguna. Mama mmoja niliyekaa naye meza moja aliuliza, "Sasa hayo ya jumla nani atamlipa?"

Mimi naitetea AA, kama wanafunzi wanavyoiita. Naitetea kwa sharti moja ambalo nitalifikia, na naitetea hasa kwa watoto wetu waliotoka mfumo wa Tanzania. Unafuu wa ada ni sababu, ila siyo ya kwanza.

Sisi tumelelewa na kombi, yale masomo matatu unayopangiwa kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Ukimaliza Kidato cha Nne unaangukia HGL, PCB, EGM au nyingine, na tangu siku hiyo mengine yote yamekwisha. Aliyepangiwa HGL, yaani historia, jiografia na lugha, haigusi tena baiolojia, hata kama kilichomwangusha kwenye sayansi ni kwamba shule yake ya kata haikuwa na mwalimu wala maabara. Tunaamua mapema mno, na mara nyingi anayeamua ni karatasi ya matokeo, siyo mtoto.

AA inamrudisha nyuma kidogo akachague upya. Hapa Texas ni krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), nusu ya zile 120 za digrii ya kwanza. Kati ya hizo, 42 ni masomo ya msingi ambayo jimbo limeyaweka kwa vyuo vyote vya umma: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi 6, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, sanaa 3, lugha na falsafa na utamaduni 3, sayansi za jamii 3, na 6 ambazo kila chuo kinajipangia. Atake asitake, mtu wa HGL ataingia darasa la sayansi.

Binti wa dada yangu ni mtu wa HGL. Alikuja akiwa na uhakika kwamba atasoma sheria, kwa sababu nyumbani kila mwenye HGL aliyefaulu huambiwa akasome sheria. Akachukua baiolojia kutimiza sharti tu. Jioni moja nilimpitia chuoni nikamkuta bado kwenye korido, miwani ya plastiki ameipandisha juu ya ushungi, hana habari kwamba nimeegesha mahali pasiporuhusiwa. Walikuwa wametenganisha DNA ya stroberi kwa sabuni ya vyombo, chumvi na spiriti iliyotoka kwenye friza. "Mjomba, inaonekana kwa macho kabisa! Unaizungusha kwenye kijiti, inavutika kama kamasi." Siku hizi anasomea afya ya jamii. Pengine angekuwa wakili hodari, hilo siwezi kulikataa. Ila safari hii alichagua akiwa ameonja pande zote mbili.

Katika zile krediti 6 za mawasiliano, wengi huchukua somo la kuzungumza mbele ya watu. Ukiniuliza mimi, hilo peke yake linatosha kulipia muhula. Watoto waliofunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa wanasimama dakika kadhaa, wanatetea hoja, na mwalimu anawapa alama kwa kumtazama machoni. Wiki za kwanza ni mateso.

Wanaosema chuo cha jamii ni cha waliofeli hawajui kilikotoka. Joliet Junior College ya Illinois, inayohesabiwa kuwa chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani, ilianza mwaka 1901 ikiwa na wanafunzi sita, na mmoja wa waasisi wake alikuwa William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mkuu wa chuo kikuu kikubwa ndiye aliyeona kwamba miaka miwili ya mwanzo inaweza kusomwa karibu na nyumbani. Na kama mnataka mfano wa mtu wetu, mkimbiaji Sally Kipyego, mzaliwa wa Kenya, alianzia South Plains College huko Levelland, mji mdogo wa pamba, kisha akahamia Texas Tech iliyo jirani pale Lubbock, akasoma unesi huku akikusanya mataji ya vyuo vikuu. Mwaka 2012 alichukua medali ya fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London. Sijasikia mtu akimwambia alianzia pabaya.

Sasa lile sharti: ujue unakohamia kabla hujamaliza mwaka wa kwanza.

Vyuo vya jamii vya Texas vinatumia namba za pamoja kwa masomo yao. HIST 1301 ni nusu ya kwanza ya historia ya Marekani popote utakapoisoma. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni idadi ya krediti. Utaratibu mzuri, na ndani yake kuna mtego. Chukua hisabati. MATH 1332, yenye riba, takwimu nyepesi na mambo ya uwezekano, inatimiza sharti la masomo ya msingi. MATH 1324 ni hisabati ya watu wa biashara. MATH 2413 ni kalkulasi, krediti 4. Mshauri wa masomo mwenye foleni mlangoni atamwekea mtoto aliye na hofu ya hesabu ile 1332, na kwenye AA hakuna kosa lolote hapo. Akihamia chuo kikuu kusomea uhasibu, 1332 yake itapokelewa vizuri, itaandikwa kwenye rekodi, kisha ataambiwa akasome 1324. Krediti imehama naye lakini haijamsogeza popote.

Zidisha hilo mara masomo manne au matano ndipo utaelewa wale wanaokaa vyuoni miaka sita. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, ingawa waliotoka vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida waliumia zaidi ya wengine. Ripoti nyingine ya 2024 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wanaoanzia vyuo vya jamii, 16 hivi tu ndio wanaopata digrii ya kwanza ndani ya miaka sita. Wapinzani wangu hunitupia namba hizi, na namba ni za kweli. Lakini nawajua wengi walio ndani ya wale 84: wanabeba boksi usiku, wanalea, wanatuma hela nyumbani, na wanasoma masomo mawili kwa muhula. Kuwapeleka moja kwa moja chuo kikuu chenye ada mara mbili au tatu kusingewapunguzia hata zamu moja.

Kwa hiyo mtoto aingie kwenye tovuti ya chuo kikuu anachokitaka, atafute mwongozo wa wanaohamia wa fani yake, aende nao kwa mshauri. Akiwa na shaka na somo, aiandikie idara yenyewe barua pepe na ahifadhi jibu. Ya kuambiwa kwa mdomo kaunta hayana mwenyewe siku ya kuhama.

Na amalize. Kuna mtindo wa kuondoka na krediti 30 pale chuo kikuu kinapokubali ombi, kwa haraka ya kuitwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Sheria ya Texas inasema aliyekamilisha zile 42 kwenye chuo cha umma anapokelewa nazo kwa pamoja kwenye chuo kingine cha umma, hatakiwi kurudia masomo ya msingi. Aliyeondoka njiani anachambuliwa somo kwa somo. Tena maisha ya huku yana misukosuko: mgonjwa nyumbani, kazi imekata, makaratasi yamechelewa. Mwenye AA mkononi akisimama mwaka mmoja anasimama akiwa na cheti.

Kwa wakimbizi, wakiwemo Wakongo wengi waliopokelewa hapa Texas, na kwa wenye makazi ya kudumu, kuna Pell Grant, msaada wa serikali usiorudishwa, uliofikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25. Kwenye vyuo vingi vya jamii hiyo inamaliza ada na kubakiza ya vitabu. Ina kikomo lakini, sawa na mihula 12 ya kusoma kwa ukamilifu maishani, na somo lisilokusogeza linaila vilevile. Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hawaipati, na wao ndio wanaolipa bei ya juu kuliko mkazi wa kaunti, kwa hiyo kwao kila somo lililokosewa linatoka mfukoni kwa baba.

Wapo ninaowaambia waikwepe AA. Anayetaka unesi aende kwenye programu ya unesi ya miaka miwili palepale chuo cha jamii, inayomfikisha kwenye mtihani wa leseni. Na anayetaka uhandisi asikae kuonja mambo. Fizikia inasubiri kalkulasi, kalkulasi ya pili inasubiri ya kwanza, na akichelewa muhula mmoja kuanza mnyororo huo, zile 42 zote zikikamilika bado atakuwa mwaka wa kwanza kwenye fani yake.