Mjusi wako hajatulia, amekata tamaa

Wiki hii nimetumiwa video ileile na watu tofauti, kila mmoja akidhani ananifurahisha. Mjusi mwenye ndevu, yule wa kufugwa mwenye miiba kidevuni, amelazwa chali kiganjani, miguu juu, macho yamefumbwa, tumbo linapanda na kushuka harakaharaka huku kidole kikimkuna shingo. Maelezo yake: "Kanizoea mpaka analala." Na kila anayeitazama anauliza, umemfundishaje?

Hajamfundisha kitu. Amemgeuza chali, basi.

Mjusi hana kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu yetu unaotusaidia kuvuta pumzi. Anapumua kwa misuli ya mbavu, na ukimlaza chali, matumbo yote yanayalalia mapafu. Kinachoitwa usingizi hapo ni kuganda. Mnyama akishaona kakamatwa na hana pa kupenya, mwili unajizima kungoja mkamataji alegeze mkono. Swala aliye kinywani mwa chui naye hutulia hivyohivyo, na sijaona mtu akimsifu chui kwa malezi.

Wahenga walishasema akufukuzaye hakwambii toka. Mjusi huyu anafukuza watu kutwa nzima, na watu wanapiga picha. Ndevu zinapoanza kuwa nyeusi, kidevu kikatuna na miiba ikasimama, mwenye nyumba anasema "anajionyesha". Akijibapa mgongoni mpaka akawa kama sahani mtu akimsogelea, eti anajinyoosha. Akipanua kinywa mkononi, eti anacheka! Ni kweli kwamba chini ya taa ya joto hupanua kinywa kupunguza moto mwilini, na hapo hana neno na mtu. Lakini kinywa wazi pamoja na kidevu cheusi si kicheko, ni onyo la kung'atwa, na ukishang'atwa usiseme "sijui kimempata nini leo".

Kinachoniuma zaidi ni ule mkono wa mbele unaozungushwa taratibu hewani. Kila mtu anaupenda, "ananipungia, ananisalimia". Mijusi hawa, hasa wadogo, hupunga mkono mbele ya mkubwa kumwambia nimekuona, sitaki ugomvi, nipishe tu. Mnyama wa kama nusu mita tu, mkia ukihesabiwa, anamsihi mtu mzima amwache, na mtu mzima anacheka na kumtaka arudie.

Halafu kuna wale wa "wangu ni mpole tangu siku ya kwanza". Nawauliza swali moja tu: mlimshika saa ngapi? Mara nyingi ni asubuhi kabla taa haijawaka. Mjusi hajitengenezei joto, analitafuta nje ya mwili wake. Anataka sehemu ya kuotea yenye nyuzijoto kama 40 za Selisiasi, na upande wa pili wa kizimba uwe kwenye 25 hivi ili aende kupoa. Ukimtoa akiwa bado wa baridi, hata kukimbia hawezi. Unabeba mnyama ambaye hajawaka, unamwita mpole. Mchana akishapata moto anachomoka mkononi kama mshale, wenyewe wanalalamika kabadilika tabia. Ukimchukua akiwa ndiyo kwanza amekula ni kosa jingine, maana bila joto la taa chakula hakisagiki.

Sasa nije kwenye mkono wenyewe. Juu ya kichwa chake, katikati, ana kigamba kimoja cheupecheupe. Chini yake kuna jicho la tatu. Haliwezi kuona sura yako, lakini linahisi mwanga na kivuli. Kwao, katika nyika kavu za ndani ya Australia, kivuli kinachoshuka kutoka juu ni ndege wa mawindo. Wewe unafungua mfuniko, unashusha mkono kutoka juu, unamkamata mgongoni, halafu unashangaa kwa nini kila ukifungua anajificha. Ungefanya nini wewe?

Mkono unaingia kutokea pembeni, chini, kiganja juu, na unakaa. Hautafuti kitu, haufuatii. Huyu jike wangu huanza kwa kugeuza kichwa upande, jicho moja likutazame vizuri. Halafu anakuja hatua mbili, anasimama, anagusa ncha ya kidole kwa ulimi, kwa sababu ulimi ndio unaompa habari za harufu. Akiridhika anapanda: kucha zinanasa kwenye kitambaa cha mkono wa shati moja baada ya nyingine, mkia unaburuzika nyuma, na kidevu kinabaki na rangi yake ya malai. Nikiona wingu lolote jeusi linaanza kooni, nashusha mkono na kumwacha ashuke. Asipokuja kabisa, natoa mkono na kufunga. Somo limekwisha, na mwanafunzi ndiye aliyeamua.

Hapa ndipo wenzangu wengi wanaponipinga. Wanasema ukimwachia achague hatakuzoea milele, dawa ni kumshika kila siku mpaka aache kupigana. Naelewa kwa nini wanaamini hivyo, kwa kuwa kweli anaacha kupigana. Mnyama anayejua kwamba kupigana hakumsaidii huacha, hilo halihitaji utaalamu. Lakini mwangalieni siku ya kwanza asile, ya pili ashinde kwenye kona ya baridi, ya tatu atokewe na mistari myeusi ya mfadhaiko tumboni. Huyo kazoea nini?

Tena tunamdharau akili. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Uingereza, walichapisha jaribio lao: walimfundisha mjusi mmoja wa aina hii kusukuma kwa kichwa kimlango cha waya chenye chakula nyuma yake. Wenzake waliomtazama akifanya hivyo walikifungua nao. Walioona kimlango kikijisogea chenyewe hawakukifungua. Mtambaazi anayejifunza kwa kumtazama mwenzake! Kiumbe wa namna hiyo hawezi kushindwa kutofautisha mkono unaoomba na mkono unaopora.

Na anafundishika kweli, kwa wanaotaka kufundisha. Chukua kijiti chenye kipira cha rangi kali kwenye ncha. Kioneshe karibu na pua. Akikigusa, mpe funza kwa kibano hapohapo, usingoje, ukichelewa hataunganisha mambo mawili hayo. Kisha sogeza kipira mbali kidogo, kisha mbali zaidi, kisha kiweke juu ya kiganja chako ili akifuate mpaka mkononi. Fanya hivyo akiwa amekwisha kuota moto na njaa ipo, na uache kabla hajachoka. Huyu wangu sasa akikiona kijiti anatoka mwenyewe kizimbani na kuingia kwenye kikapu cha mizani. Hakuna aliyemkaba.

Watanijibu kwamba wanyama hawa si wa porini tena. Ni kweli. Australia ilizuia biashara ya kusafirisha wanyamapori wake nje tangu miaka ya 1960, kwa hiyo tunaowafuga nje ya huko karibu wote ni uzao wa waliozaliwa vizimbani, na ni watulivu kuliko kenge au kinyonga ukiwalinganisha. Wapo wanaopanda begani wenyewe na kukaa huko kutwa, nimewaona. Sawa. Lakini miongo hiyo michache haijalifumba lile jicho la tatu.

Jingine nalikubali kwa shingo upande: kuna siku lazima umshike atake asitake. Daktari wa mifugo anamsubiri, kucha imenasa, amekimbilia nyuma ya kabati. Basi mshike kwa adabu. Kiganja kipite chini ya kifua, miguu yote minne ipate pa kukanyaga, mkia ulale kwenye mkono wako. Mkia usiuvute kamwe. Si kama wa mjusi wa ukutani, huu ukikatika hauoti mwingine. Na akiwa anajivua gamba usimsaidie kubandua kwa kucha zako, nakuomba.

Mengine sina nguvu nayo leo. Kumvisha kofia na mabawa ya popo. Kumbusu mdomoni, hali tunajua mtambaazi mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonella; nawa mikono, acha midomo. Kuweka wawili tangi moja na kusema "wanapendana, tazama wamelaliana". Aliye juu anamnyang'anya wa chini taa na joto, na akiendelea atamng'ata vidole.

Swali ninaloulizwa kila mara ni itachukua muda gani. Sijui wa kwako. Mjusi mgeni mwache kwanza wiki hata mbili bila kumgusa, ale, ajue taa iko wapi. Baada ya hapo wapo wanaokuja mkononi ndani ya siku chache, wapo wa miezi, na wapo wasiokuja. Nina dume la pili, kizimba chake mbali na cha jike, ambalo halitaki mkono kabisa. Kipira linakifuata mpaka ukingoni mwa mlango, kisha linasimama, linatazama kiganja, linarudi chini ya taa yake. Funza wake nampa hukohuko, kwa kibano.