Mchanga Si Unarudi Mvua Ikinyesha?

Jumapili alfajiri Fuso lilishuka tena mtoni nyuma ya kwetu, huku Tegeta. Taa limezima, vijana wanne juu na makoleo yao. Nikatoka na tochi, kanga ya mke wangu kiunoni, heshima yote imebaki ndani. Dereva hata injini hakuzima. "Mzee wangu, mchanga si unarudi mvua ikinyesha?"

Hilo "si unarudi" limenikaa rohoni wiki nzima. Unarudi kutoka wapi?

Wamarekani wanalijua jibu, na limewagharimu. Mwaka 1963 walifunga bwawa la Glen Canyon kwenye mto Colorado, juu kidogo ya korongo la Grand Canyon, jangwa tupu. Mto uliokuwa mwekundu kwa tope ukaanza kutoka bwawani mwangavu, wa baridi, mchanga wote umelala ziwani nyuma ya ukuta. Ungedhani neema. Kumbe maji yasiyo na mzigo yana njaa. Chini ya bwawa yalikwangua kitako cha mto, kikashuka mita kadhaa, yakabaki mawe na kokoto. Kisha yakala mafungu ya mchanga ya pembezoni, yale yanayojijenga maji yanapozungukazunguka kando ya maporomoko. Fikiria Fungu Yasini, lile fungu la mchanga baharini hapa Dar, ila la mtoni, na kila mwaka linanyauka.

Mwaka 1996 wakafungulia mafuriko ya makusudi, siku saba. Mafungu yakainuka, watu wakapongezana. Baadaye vipimo vikawaumbua: mchanga mwingi haukutoka kitakoni kama walivyotarajia, ulimegwa kwenye mafungu mengine. Tangu 2012 utaratibu wao ni kusubiri kwanza mto Paria, kamto tu kanakoingia Colorado chini ya bwawa, uteremshe mchanga wake, ndipo wafungulie. Matajiri wale wanakisubiri kijito! Sisi tuna Fuso na jibu la mkato.

Ukichimba shimo mtoni, mvua haileti mchanga kutoka mbinguni. Maji yanatumbukia shimoni kwa kasi, yanamega kitako kuelekea mto unakotoka, yanakula kingo. Njooni mwone kwa jirani yangu: mizizi ya mwembe inaning'inia hewani kimo cha mtu, na ukuta wa choo umepasuka ufa wa kuingiza mkono. Huo ndio mchanga uliorudi.

Haya, nakubali, nyumba yangu nayo imekula mchanga na sikuuliza ulikotoka. Vijana wale nao wana watoto. Na umeme wa bwawa la Nyerere naufurahia kama wewe, ila tukizitaja megawati 2,115, tuutaje pia mchanga wa Rufiji unaobaki nyuma ya ukuta, maana mikoko ya delta haioti juu ya megawati.

Jumatano Fuso likarudi. Dereva akanisalimia vizuri sana, shikamoo mpaka chini. "Leo tripu moja tu, mzee."